Kumchagulia Mtoto Skuli ya Sekondari

Hotuba iliyotolewa kwa wazazi katika mkutano wa ukumbusho wa Jumuiya, baada ya sala ya alasiri

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema. Sifa zote njema zinamstahiki Yeye aliyewapa wanadamu akili ya kupambanua jema na baya, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

 

Kila mwaka unapoanza, nyumba za Waislamu wa Uganda huingia katika shughuli moja kubwa. Matokeo ya mtihani wa darasa la saba yamekwisha kutangazwa. Mtoto wa miaka kumi na mitatu amesimama mbele ya wazee wake na karatasi yake mkononi, na baba na mama wanaulizana: Huyu apelekwe wapi? Siku zilizobaki ni chache, fedha ni chache kuliko siku, na kila upande kuna ubao wa skuli unaoita. Wengi hukata shauri kwa haraka, kisha hujuta kwa muda mrefu.

Maneno ya leo yanahusu skuli za sekondari za watu binafsi, yaani zile zisizoendeshwa na serikali wala kupata msaada wake, ambazo mzazi huzilipia kutoka mfukoni mwake. Na shina la maneno yote ni hili: mtoto ni amana, na amana haipokelewi na ubao, bali hupokelewa na watu. Basi mzazi asichague jina la skuli. Achague watu watakaokaa na mwanawe usiku na mchana, na njia pekee ya kuwajua watu hao ni kwenda, kuona na kuuliza.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Waislamu wa nchi hii, kwa sababu ya mambo yaliyopita. Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, zama za Kabaka Suna, ukaletwa na mfanya biashara Ahmed bin Ibrahim. Misheni ya Kianglikana ilifika mwaka 1877, na mapadre wa Kikatoliki mwaka 1879. Waislamu walitangulia kufika, walakini misheni ndizo zilizotangulia kujenga skuli za kisasa. Namilyango ilianzishwa mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, na Budo mwaka 1906. Waislamu walikuwa na vyuo vyao vya Qur'ani, navyo vilifanya kazi tukufu ya kuhifadhi dini. Lakini vyuo hivyo havikutoa makarani, wala matabibu, wala mahakimu.

Mzazi Mwislamu wa zama zile alikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa chungu. Ama ampeleke mtoto misheni apate elimu, na huenda akarudi na jina jingine na dini nyingine. Ama amweke nyumbani abaki na dini yake, na mlango wa kazi za maofisini ufungwe mbele yake. Wengi walichagua kuhifadhi dini. Watoto wao wakawa madereva, wachinjaji na wachuuzi, kazi za halali zisizo na aibu yoyote, lakini Waislamu wakabaki nyuma katika mambo ya serikali kwa miaka mingi. Asiwalaumu mtu wazee wale. Walitakiwa kuchagua kati ya macho mawili ya mtu mmoja.

Kisha walitokea watu walioona kwamba pana njia ya tatu, nayo ni kujenga. Katika miaka ya 1940 kiliundwa Chama cha Elimu ya Waislamu wa Uganda. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake katika kilima cha Kibuli, ukajengwa msikiti uliofunguliwa mwaka 1951, na kando yake zikasimama skuli. Mwaka 1954 ikaanzishwa Nabisunsa kwa ajili ya wasichana wa Kiislamu. Skuli hizo za sekondari za Kibuli na Nabisunsa leo zinasaidiwa na serikali, na wanaotaka nafasi ni wengi kuliko vitanda vilivyopo. Mwaka 1988 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu huko Mbale, na mtoto wa Kiislamu akapata pa kufikia.

Na tangu miaka ya 1990 skuli za watu binafsi zimeongezeka sana, kwa kuwa serikali ilifungua mlango, na kwa kuwa watoto waliomaliza darasa la saba walikuwa wengi mno baada ya elimu ya msingi kufanywa bila ada mwaka 1997. Serikali ilianza mpango wa sekondari bila ada mwaka 2007, lakini haja haikwisha. Kwa hiyo tatizo la mzazi wa leo limegeuka. Babu alikosa skuli ya kuchagua; mjukuu ana skuli nyingi mno, na hajui ipi ni ya kweli.

Makosa yanayowapata wazazi katika kuchagua ni mengi, lakini mawili ndiyo makubwa.

Kosa la kwanza ni kufuata sifa. Matokeo ya mitihani yatokapo, magazeti hujaa majina na picha, na skuli hubandika mabango njiani. Mzazi huona imeandikwa kwamba wanafunzi 40 wamefaulu vizuri kabisa, akavutiwa. Lakini hakuuliza: 40 katika wangapi? Arubaini katika 50 ni kazi njema ya waalimu. Arubaini katika 400 ni kusema kwamba watoto 360 hawakutajwa, na mwanawe huenda akawa miongoni mwa wale wasiotajwa. Tena ziko skuli zinazowaondoa wanafunzi dhaifu kabla ya mtihani, au zinawapeleka wakafanyie mtihani mahali pengine, ili jina la skuli libaki safi. Skuli ya namna hiyo haikuwafundisha watoto, iliwachuja tu. Wazee walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulisema mbele ya mkutano wa Waislamu, lakini haki husemwa ingawa ni chungu. Ni kudhani kwamba neno "Kiislamu" likiandikwa katika ubao, kazi ya mzazi imekwisha.

Husimuliwa habari ya fundi mmoja wa cherehani katika mji mmoja wa mashariki ya Uganda. Alikuwa na binti aliyefaulu darasa la saba, na akaazimu kumpeleka katika skuli ya bweni ambayo ubao wake una jina la Kiislamu na picha ya mnara wa msikiti. Wenzake walimwambia hapana haja ya kuuliza, skuli ni ya ndugu. Yeye akasema kwamba hata kitambaa hununua baada ya kukipapasa. Akaenda siku ya Jumatatu, bila ya kupeleka habari, akafika karibu na adhuhuri. Msikiti aliukuta umefungwa kwa kufuli, na ndani yake mna magunia ya mahindi. Mwalimu wa dini huja mara moja kwa juma, na juma lile hakuja. Wasichana waliokuwa wakioga walioga nyuma ya ukuta uliobomoka. Aliporudi ofisini akauliza kwa adabu juu ya msikiti, mwenye skuli akakasirika na kumwuliza kama yeye ni mkaguzi wa serikali.

Fundi yule akaenda skuli ya pili, yenye waanzilishi Wakristo. Alipokewa vizuri, na palikuwa na chumba safi cha sala, na wasichana waliruhusiwa kuvaa mtandio. Lakini hapakuwa na mwalimu wa kufundisha somo la dini ya Kiislamu, na mwalimu mkuu alikiri hivyo waziwazi. Akaenda skuli ya tatu, ndogo, ya Waislamu, isiyotajwa magazetini. Akaonyeshwa kila mahali. Alipouliza juu ya chumba cha majaribio ya sayansi, mwalimu mkuu, ambaye ni mwanamke, alijibu kwamba vyombo havijatimia, akaonyesha vilivyopo, akamwonyesha na hati ya kuagizia vilivyobaki, akasema aje avitazame mwanzo wa muhula wa pili. Fundi akamwandikisha binti yake hapo. Alipoulizwa sababu, alisema kwamba skuli zote zina kasoro, lakini hii moja haikumficha kasoro yake.

Katika habari ile mna mafundisho mawili. La kwanza, skuli ya Waislamu iliyo njema ndiyo bora kwa mtoto wa Kiislamu, kwa sababu humo dini si ruhusa ya kuombwa bali ni desturi ya mahali. La pili, skuli inayotumia jina la dini kuvutia ada, kisha ikaufanya msikiti ghala, ni mbaya kuliko ile isiyodai kitu. Aliyedai amana ndiye atakayeulizwa juu ya amana.

Basi mzazi atazame nini? Yatosha mambo matano.

Jambo la kwanza ni uhalali wa skuli. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inataka skuli ya mtu binafsi iwe na leseni na iandikishwe na Wizara ya Elimu. Hati hiyo mzazi ana haki ya kuiona, na katika skuli nyingi hutundikwa ukutani ofisini. Kisha aulize nambari ya kituo cha mitihani inayotolewa na Baraza la Mitihani la Taifa, lijulikanalo kwa jina la UNEB. Skuli isiyo na nambari yake huwapeleka wanafunzi wake wakaandikishwe katika skuli nyingine, na hapo ndipo zinapotokea fitina: mtoto amelipiwa, na siku ya mtihani jina lake halionekani. Afisa Elimu wa wilaya anazijua skuli zake. Kumwendea ni bure, na kuuliza si ujinga.

Jambo hili limezidi uzito tangu mtaala mpya wa sekondari ulipoanza mwaka 2020. Mtihani wa kidato cha nne uliofanywa kwa mtaala huo mara ya kwanza mwaka 2024 hauhesabu tena mtihani wa mwisho peke yake. Alama 20 katika 100 hutokana na kazi alizofanya mwanafunzi darasani, na 80 hutokana na mtihani. Alama za darasani huandikwa na waalimu na kupelekwa na skuli. Kwa hiyo skuli isiyotunza daftari zake, au inayobadilisha waalimu kila muhula, inampotezea mtoto haki yake taratibu, na mzazi hajui mpaka mwisho.

Jambo la pili ni waalimu. Jengo la ghorofa halifundishi hesabu. Mzazi aulize waalimu ni wangapi, na wangapi wamekaa hapo zaidi ya miaka mitatu. Skuli zilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, skuli nyingi za watu binafsi zilishindwa kulipa mishahara. Baadhi zikafa, baadhi zikauzwa, na waalimu wengi wakaenda kutafuta riziki kwingine, wasirudi. Kutokana na msukosuko ule ilionekana dhahiri kwamba skuli inayomlipa mwalimu wake kwa wakati ndiyo inayobaki naye. Na mtoto anayefundishwa fizikia na waalimu wanne tofauti katika mwaka mmoja hakufundishwa na hata mmoja.

Jambo la tatu ni dini, nalo lataka maswali ya wazi. Katika mtaala mpya, elimu ya dini ni ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na skuli hufundisha ama dini ya Kikristo ama ya Kiislamu. Mzazi wa Kiislamu asidhani kwamba mwanawe atafundishwa ya Kiislamu kwa sababu jina lake ni Abdallah. Aulize: Je, yuko mwalimu wa somo hilo? Jina lake nani? Ana vipindi vingapi kwa juma? Pasipo mwalimu, mtoto huwekwa katika somo la dini nyingine, na mzazi hulijua baada ya miaka miwili, akiiona ripoti. Katika vidato hivyo viwili Kiswahili nacho ni cha lazima, na mzazi ambaye nyumba yake husema Kiswahili afurahi, lakini aulize vilevile kama mwalimu wake yupo, maana skuli nyingi zina kipindi katika ratiba bila ya mwalimu darasani.

Kisha aulize juu ya ibada. Siku ya Ijumaa masomo ya mchana huanza saa ngapi, na wanafunzi wa Kiislamu huruhusiwa kwenda sala ya Jumaa? Katika Ramadhani daku hupikwa, au mtoto hufunga kwa maji na mkate mkavu? Msichana huruhusiwa kujisitiri juu ya sare? Nyama huchinjwa na nani? Katiba ya nchi ya mwaka 1995, katika kifungu cha 29, imempa kila mtu uhuru wa kufuata dini yake. Walakini uhuru ulioandikwa kwenye katiba huhitaji mzazi wa kuuliza kabla ya kulipa. Akiuliza baada ya kulipa, amekuwa mwombaji.

Kwa skuli zinazofundisha masomo ya serikali pamoja na ya Kiarabu na dini, mpaka vyeti vya idadi na thanawi, mzazi atazame ratiba yenyewe. Mzigo ule ni mwema kwa mwenye nguvu nao. Lakini ziko skuli ambazo huamsha watoto saa kumi za usiku na kuwalaza saa tano, mpaka mtoto akasinzia katika hesabu na katika Qur'ani pia, akatoka bila ya hiki wala kile.

Jambo la nne ni usiku. Wazazi wengi hutembezwa madarasani wakaridhika. Wachache huomba kuliona bweni. Lakini mtoto wa skuli ya kulala hukaa bwenini saa nyingi, na mabaya mengi hutokea gizani. Mwezi wa Aprili 2008, bweni la wasichana katika skuli moja ya msingi karibu na Kampala liliungua usiku, wakafa watoto wapatao 20. Msiba ule usisahauliwe. Mzazi atazame: Milango ni mingapi? Hufunguka kwa nje? Usiku hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa nani? Madirisha yana nondo zisizofunguka? Vitanda vimepangwa kiasi gani, na mtu aweza kupita katikati yake akikimbia? Mlezi wa bweni analala humohumo, au huenda kwake?

Tena aulize namna watoto wanavyoadhibiwa. Tangu sheria ya watoto iliporekebishwa mwaka 2016, kumpiga mtoto skulini ni kosa la jinai. Mwalimu mkuu anayejisifu mbele ya mzazi kwamba fimbo yake haina mchezo, amejisema mwenyewe kwamba haogopi sheria. Na aulize jambo ambalo watu huona haya kuliuliza: Mtoto akionewa na mwalimu au na mwanafunzi mkubwa, amwendee nani? Skuli iliyo salama inalo jibu tayari, na humtaja mtu kwa jina. Skuli ambayo hujibu kwamba mambo kama hayo hapa hayatokei, mzazi aiogope.

Jambo la tano ni mali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ada iliyoandikwa katika karatasi ya kwanza sicho kiasi chote. Tuseme ada ni shilingi 900,000 kwa muhula. Mihula mitatu ni 2,700,000 kwa mwaka, na miaka minne ni 10,800,000. Halafu huja sare, godoro, sanduku, ndoo, mabunda ya karatasi, fagio, karatasi za chooni, sukari, fedha ya ujenzi, fedha ya ziara, fedha ya kuandikishwa mtihani. Vikifika shilingi 250,000 kwa muhula, kwa mihula 12 ni 3,000,000 nyingine. Jumla imekuwa 13,800,000. Mzazi aiombe skuli orodha yote kwa maandishi kabla ya kutoa hata senti, na aulize desturi yao kwa mtoto ambaye ada yake imechelewa: hufukuzwa darasani mbele ya wenzake, au mzazi huitwa kwa staha?

Anayeweza kulipa mwaka mmoja tu, kisha akamhamisha mtoto, amemdhuru, kwa vile alama za darasani na urafiki na waalimu hukatika. Skuli ya wastani ambayo mzazi aweza kuilipia miaka minne bila ya kukopa kwa riba ni bora kuliko skuli ya fahari ya mwaka mmoja. Na skuli njema ya kwenda na kurudi, ikiwa karibu na nyumbani, isidharauliwe. Mtoto anayelala kwao huamshwa sala ya alfajiri na mama yake, na mama haweki jambo hilo katika orodha ya ada.

Hapa pana neno la kusemwa kwa akina baba. Yako majumba ambayo mtoto mwanamume huchaguliwa skuli kwa mwezi mzima, na dada yake huchaguliwa kwa dakika tano: ile ya rahisi, iliyo yoyote, maana ataolewa. Mtoto wa kike ni amana sawasawa na wa kiume, na baba ataulizwa juu ya wote wawili. Wazee walioianzisha Nabisunsa mwaka 1954, katika zama za uhaba, walilijua jambo hilo. Itakuwa ajabu wajukuu wao walisahau katika zama za wasaa. Mwenye fedha ya mtoto mmoja na watoto wawili, asimtupe mmoja amfadhili mwingine. Atafute skuli mbili za kiasi ambazo zote zimepita katika maswali haya.

Wala watoto wote si sawa. Mmoja hustawi katika skuli kubwa yenye mashindano. Mwingine humezwa humo, akanyamaza, asiulizwe na mtu. Basi mzazi amshauri na mtoto mwenyewe. Si kwamba mtoto aamue, kwani hana ujuzi; lakini asikilizwe, maana yeye ndiye aendaye. Amchukue akaione skuli kwa macho yake, na njiani wakirudi amwulize ameona nini. Watoto huona vitu ambavyo watu wazima hawavioni: huona kama wanafunzi wanacheka au wanaogopa. Kisha mzazi ataka shauri kwa wanaojua, aswali rakaa mbili za istikhara, amtegemee Mwenyezi Mungu. Istikhara ni baada ya kwenda na kuuliza. Si badala yake.

Na baada ya kuchagua, kazi haikwisha. Skuli ni msaidizi wa mzazi, wala hairithi cheo chake. Siku ya kutembelea ikifika, baba na mama waende wote wawili wawezapo, wala wasimtume kijana na mfuko wa mikate. Wamtazame mtoto mwili wake, waulize juu ya sala yake kabla ya kuuliza juu ya nafasi yake darasani, wazungumze na mwalimu wa darasa na wajue jina lake. Likizo ikija, wampumzishe, wamsikilize, wala wasimpokee kwa ripoti peke yake. Mtoto anayejua kwamba akisema neno kwao litasikiwa, huyo ana ngao ambayo hakuna skuli iwezayo kumpa.

Jumuiya nayo ina wajibu wake. Miongoni mwa Waislamu wamo waalimu waliostaafu, wauguzi, mafundi wa ujenzi na mahasibu. Watu wanne au watano wa namna hiyo, wakienda pamoja kuzitazama skuli za wilaya yao mara moja kwa mwaka kabla ya matokeo kutoka, wakaandika waliyoyaona kwa insafu, bila kupendelea wala kusingizia, watawaokoa wazazi ambao hawana nauli wala ujuzi wa kuuliza. Skuli ya Waislamu iliyo na kasoro ielezwe kasoro yake kwa siri na kwa wema, isaidiwe kuitengeneza. Kufanya hivyo ni kuilinda, na kuinyamazia ni kuiua. Na zaka na sadaka zina njia yake kwa yatima aliyefaulu akakosa ada.

Wazee wa zamani waliuza ng'ombe na mashamba wakajenga, ili mjukuu asilazimike kuchagua kati ya dini na elimu. Mlango waliufungua. Kilichobaki kwa mzazi wa leo ni kazi ndogo kuliko ile: kufunga safari ya siku moja, kuingia skuli ambayo hakualikwa, kuutazama msikiti kama una mikeka au magunia, kulitazama bweni kama lina mlango wa pili, na kuuliza maswali yake kwa adabu mpaka yajibiwe.

Mwenyezi Mungu awape wazazi busara ya kuchagua na riziki ya halali ya kulipia. Awape waalimu ikhlasi katika kazi yao, awahifadhi watoto mchana na usiku, awajaalie elimu yenye manufaa na mwenendo mwema, na awarehemu waliotangulia kujenga. Amin.